Simu Ilipe, Meza Ibaki

Juni 2022 kampuni changa ya Kune ilifunga majiko yake jijini Nairobi. Ilikuwa imeahidi kumpelekea mfanyakazi wa mjini mlo uliokwisha pikwa kwa takriban dola 3, na mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imechangiwa dola milioni 1 na wawekezaji. Mwanzilishi wake, Mfaransa, aliwahi kusema kwamba alipofika Nairobi alipata shida kuona chakula cha bei nafuu kilicho tayari, na Wakenya wakamjia juu wakimuuliza kama hajapita kwenye vibanda vilivyojaa kila mtaa. Mwaka na nusu baadaye, Desemba 2023, kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Jumia nayo ikatangaza kufunga huduma yake ya kupeleka chakula katika nchi zote saba ilikokuwa inaitoa, zikiwemo Kenya na Uganda. Wengi wakahitimisha kwamba kibanda kimeishinda simu. Hitimisho hilo linafurahisha, lakini linatulaza usingizi. Simu haijashindwa kibandani; imeingia hadi chini ya sufuria, na leo mama lishe asiyepokea malipo kwa simu ni wa kutafutwa. Na wanaopeleka chakula milangoni hawajaondoka. Zipo kampuni zilizobaki, na nyingine zitakuja zikiwa zimejifunza makosa ya waliotangulia. Swali linalotukabili ni lipi kati ya mambo mawili ambayo simu inaweza kukifanyia chakula chetu tunalitaka: ituletee sahani kila mtu alipo, au iturahisishie njia ya kufika tunapokula pamoja. Msimamo wangu ni kwamba kila teknolojia ya chakula ipimwe kwa kipimo hicho kimoja, yaani kama inawaleta watu mezani au inawatoa, na kwamba meza ya bei nafuu ya mjini inastahili kulindwa kwa sera na bajeti kama tunavyolinda kituo cha daladala na bomba la maji.

Tuanze na kazi inayofanywa na kibanda, maana ni rahisi kudhani kwamba kinauza chakula tu. Mchana, katika mtaa wowote wa gereji au wa majengo mapya Dar es Salaam, mama lishe anapakua wali, anaongeza maharage, mchicha na kipande cha samaki, anaweka pilipili pembeni. Jagi la maji na beseni vinapita kwa ajili ya kunawa. Benchi ni moja, refu, na anayefika anasogezewa nafasi: fundi umeme, kondakta, karani wa stoo, mwanafunzi wa chuo aliyekuja mjini kwa mafunzo ya vitendo. Hakuna anayeulizwa kadi ya mwaliko. Lakini kabla sahani hazijakwisha, fundi keshasikia kwamba kuna nyumba Kinyerezi inahitaji mtu wa kufunga nyaya, kondakta keshaambiwa ni barabara gani leo haipitiki, na mwanafunzi keshapata namba ya mwenye chumba cha kupanga. Aliyeishiwa siku hiyo anasema “niandikie”, na mama lishe anafungua daftari lake lenye kona zilizopinda. Daftari hilo ni mkopo usio na riba, usio na fomu, na dhamana yake pekee ni kwamba mkopaji anafahamika. Linawezekana kwa sababu mteja hurudi, hukaa, na huonekana. Mji wenye watu milioni 5.4, kama sensa ya 2022 ilivyoihesabu Dar es Salaam, una sehemu chache mno ambapo watu wasiohusiana kwa ukoo, dini wala kazi hukaa bega kwa bega nusu saa kila siku bila kulazimika kulipa zaidi ya bei ya mlo.

Simu ya malipo ilipofika kwenye benchi hilo, ilikuta kero mbili za siku zote: chenji na usalama wa fedha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na taratibu huduma za aina hiyo zikatoka kwenye kutumiana fedha za nyumbani zikaingia kwenye manunuzi ya kila siku. Leo namba ya kulipia imeandikwa kwenye kibao kilichoning’inizwa juu ya nguzo ya kibanda, Dar es Salaam kama Nairobi. Mteja mwenye noti ya shilingi 10,000 hahangaiki tena kutafuta wa kumvunjia. Mama lishe haendi nyumbani jioni na fedha zote kwenye upindo wa khanga. Anamlipa muuza mchele kwa simu, anaagiza dagaa kutoka Mwanza bila kusafiri, na akienda kuomba mkopo ana kumbukumbu za mauzo za kuonyesha. Yote haya yametendeka bila mteja kuondoka kwenye benchi. Malipo yamebadilika, ulaji wa pamoja umebaki vilevile, na pengine umeimarika, kwa sababu kibanda chenye mahesabu mazuri hudumu. Huu ndio ushahidi wa karibu zaidi kwamba anayetetea meza ya pamoja si lazima awe adui wa teknolojia.

Hata hivyo, teknolojia hii nayo inahitaji kuangaliwa kwa macho mawili. Tozo ya miamala iliyoanza Tanzania Julai 2021 ilileta kilio kikubwa hadi Serikali ikaipunguza miezi michache baadaye, na Kenya ilipandisha ushuru wa ada za kutuma fedha kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023. Kwa muuza magari, tofauti kama hiyo haionekani. Kwa anayeuza sahani ya shilingi 2,500 mara 60 kwa siku, kila shilingi inayokatwa katikati inatoka kwenye mafuta ya kupikia au kwenye faida yake finyu. Vilevile huduma za kukopeshwa na simu pale salio linapopungua, kama Fuliza iliyoanza Kenya mwaka 2019, zinauza kwa ada kitu ambacho daftari la mama lishe lilikuwa linakitoa bure. Kwa hiyo hata simu inayolipa inaweza kuila meza polepole ikiwa hatutaiwekea mipaka.

Simu inayoleta chakula mlangoni ni habari nyingine, na hesabu yake inaonyesha kwa nini. Katika masoko mengi duniani, kampuni zinazounganisha mlaji, mgahawa na dereva hukata mgahawa kamisheni inayoweza kufika asilimia 30 ya bei ya chakula. Chukua sahani ileile ya wali na maharage ya shilingi 2,500. Asilimia 30 yake ni shilingi 750, kiasi ambacho kwa mama lishe wengi ni faida yote na ziada. Bado nauli ya bodaboda haijalipwa, na nauli hiyo peke yake inaweza kulingana na bei ya mlo. Hivyo sahani ya bei nafuu haiwezi kubebwa na mfumo huu. Kinachoweza kubebwa ni chakula cha bei ya juu, cha kipimo cha mtu mmoja, kinachofungika kwenye boksi na kuvumilia dakika 40 za foleni: kuku wa kukaanga na chipsi, pizza, baga. Supu ya makongoro haivumilii safari hiyo, samaki wa nazi humwagika, ugali hupoa ukawa jiwe. Si kwamba kuna mtu aliyepanga njama dhidi ya vyakula vyetu. Mfumo wenyewe, kwa hesabu zake, unachagua chakula kinachouzwa ghali, kinachokaa kwenye boksi na kuliwa na mtu mmoja.

Hatua inayofuata katika safari hiyo ni jiko lisilo na meza kabisa, na Ghuba imekwisha kuifikia. Talabat, kampuni ya kupeleka chakula, ilianzishwa Kuwait mwaka 2004 na Desemba 2024 hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la hisa la Dubai, huku zikichangisha takriban dola bilioni 2. Dubai hiyohiyo ndiko ilikozaliwa Kitopi mwaka 2018, kampuni iliyojijenga kwa kupikia migahawa mingi ndani ya majiko ya pamoja ambayo mlaji haingii. Nayataja haya kwa sababu Ghuba na pwani yetu zina utamaduni mmoja wa sinia: watu wanne au sita wanazunguka pilau au biriani, kila mmoja anakula upande wake na kumsogezea mwenzake kipande cha nyama. Familia za Muscat zenye asili ya Zanzibar bado zinaandaa sinia hilo Ijumaa na sikukuu, lakini siku za kawaida jirani zao na watoto wao wanaishi katika mji ambao kila mmoja anaweza kuagiza chake, kwa saa yake, chumbani kwake. Jamii yenye mila imara ya kula pamoja haina kinga ya asili dhidi ya mabadiliko haya. Mila hubaki kwenye sherehe na kutoweka kwenye Jumanne ya kawaida, na ni Jumanne ndiyo inayolea watu.

Marekani, ambako safari hii imeendelea zaidi, tunaweza kuona matokeo kwa takwimu. Kwa mujibu wa chama cha kitaifa cha wenye migahawa cha nchi hiyo, kabla ya janga la Uviko asilimia 61 ya huduma za migahawa zilikuwa za chakula kinachochukuliwa au kupelekwa kuliwa nje ya mgahawa. Mwaka 2023 zilifika asilimia 74. Ripoti ya Furaha Duniani ya 2025, iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakishirikiana na taasisi ya Gallup, ilionyesha kwamba mwaka 2023 takriban Mmarekani mmoja kati ya wanne alisema milo yake yote ya siku iliyotangulia aliila peke yake, ongezeko la asilimia 53 tangu 2003. Ripoti hiyo ililinganisha watu katika nchi 142 na kukuta kwamba idadi ya milo ambayo mtu anakula na watu anaowafahamu inaeleza ustawi wake kwa nguvu inayokaribiana na kipato na kuwa na ajira. Msomaji makini atasema, na ana haki, kwamba uhusiano wa mambo mawili haumaanishi moja limesababisha jingine: huenda watu wenye furaha ndio wanaoalikwa mezani. Nakubali. Lakini Serikali zetu hutumia fedha nyingi, na ni sawa, kuinua kipato na ajira. Jambo linalotembea na ustawi wa watu kwa kiwango hichohicho katika nchi nyingi namna ile halistahili kuachwa lipotee kabla hatujalifikiria.

Wapo watakaosema kwamba Marekani si Afrika Mashariki, na kwamba kuagiza chakula kwa simu ni jambo la watu wachache wa mitaa ya kifahari kama Masaki na Westlands. Ni kweli ni wachache leo. Lakini tabia za mjini huanza kwa wachache, kisha huwa alama ya maendeleo kwa walio chini yao. Katika ofisi nyingi tayari ni kawaida karani kula boksi lake mbele ya kompyuta huku dereva wa ofisi akila kibandani, wakati zamani kidogo wote wawili wangekutana kwenye benchi moja. Kaya nazo zinapungua ukubwa: wastani wa watu katika kaya ya Tanzania ulikuwa 4.7 mwaka 2012 na ukashuka hadi 4.3 mwaka 2022. Anayetoka Mbagala au Kitengela alfajiri na kurudi usiku hana tena chakula cha mchana nyumbani. Mlo wake wa pamoja, kama anao, uko mjini kwenye meza ya mtu mwingine. Ndiyo maana hatima ya kibanda ni suala la kijamii. Nyumba ilipokuwa na watu wengi waliorudi mchana, kibanda kilikuwa nyongeza. Sasa kwa mamilioni ya watu ndiyo meza yao kuu ya siku za kazi.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya msimamo wangu inatoka kwa wanawake, na haifai kujibiwa juujuu. Meza tunayoisifu, bara na pwani, mara nyingi iliandaliwa na mwanamke aliyekula mwisho, jikoni, kilichobaki. Sinia la wanaume lilitangulia na la wanawake likafuata. Kwa mama anayetoka kazini saa moja jioni akiwa na watoto watatu, kubonyeza simu na kupata chakula ni saa moja na nusu ya maisha yake inayorudi mikononi mwake. Mwenye kumlaumu hajui uzito wa jiko. Lakini tuangalie kwa makini kinachomkomboa: ni kutopika kila siku, wala si kula kila mtu peke yake. Kazi ya kumwondolea mtu jiko mama lishe aliianza miongo mingi kabla ya simu, na bado anaifanya kwa bei ambayo wengi wanaimudu. Naye pia ni mwanamke. Mfumo unaochukua robo au karibu theluthi ya bei ya sahani kabla haijamfikia mpishi unamkomboa mwanamke mmoja kwa jasho la mwingine. Na nyumbani, njia fupi ya kumpunguzia mama mzigo ni baba na vijana wa kiume kushika mwiko. Hilo halihitaji programu yoyote, na linawaweka wote kwenye meza moja kwa saa moja.

Hoja ya pili ni ya vijana wa bodaboda, ambao upelekaji wa chakula umewapa safari za ziada. Mtu anayetafuta riziki halali anastahili heshima, na sipendekezi mtu afungiwe kazi. Ninachosema ni kwamba masharti ya kazi hiyo hayakushuka kutoka mbinguni. Ni matokeo ya mikataba, na mikataba inaweza kujadiliwa. Tumeshaona hivyo kwenye usafiri. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini ya Tanzania, LATRA, iliweka ukomo wa kamisheni ya asilimia 15 kwa kampuni za teksi za mtandaoni. Uber ikasimamisha huduma Aprili mwaka huo, na ikarejea Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kenya nayo iliweka ukomo wa asilimia 18 mwaka 2022. Kwa upande wa chakula, jiji la San Francisco liliweka ukomo wa asilimia 15 Aprili 2020, na New York ikafuata kwa utaratibu wake mwaka huohuo, baada ya kuona migahawa midogo inazama. Funzo la LATRA lina pande mbili: kwanza, ukomo ukiwekwa chini mno, huduma huondoka na wenye vyombo huumia, na pili, kampuni kubwa hurudi zinapokuta mamlaka iliyo tayari kurekebisha hesabu zake. Ukomo wa kamisheni kwa migahawa midogo, uliowekwa kwa mashauriano na kuangaliwa upya kila mwaka, ungemwachia mpishi na dereva sehemu kubwa zaidi ya fedha ya mlaji.

Hoja ya tatu ni ya afya. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, vyakula vya mitaani vilinyooshewa kidole mapema, na wengi bado wanaamini boksi lililofungwa ni salama kuliko sahani ya benchini. Hofu hiyo ina msingi, lakini imeelekezwa pasipo pake. Kipindupindu husafiri kwa maji machafu, kwa mikono isiyooshwa na kwa vyoo visivyokuwepo. Jiko ambalo mlaji halioni linaweza kuwa safi au chafu, naye hana namna ya kujua. Kibandani sufuria iko mbele yake, na mpishi anapika akiangaliwa na watu 20. Mji unaotaka kulinda afya za walaji upeleke maji ya bomba, choo na sehemu ya kutupa taka pale watu wanapokula. Kuwatawanya kila mmoja na boksi lake kunaacha maji machafu palepale yalipokuwa, na kunaongeza mlima wa makopo ya plastiki katika nchi ambazo zimekwisha hangaika kupiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.

Kuna pia shaka ya wahenga wenyewe: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Je, hatuipi meza sifa isiyo yake? Hakuna anayedai kwamba kula benchi moja kunawafanya watu ndugu. Undugu una mizizi mingine. Benchi linajenga kitu chepesi zaidi ambacho mji hauwezi kuendelea bila hicho: kufahamiana. Ni kufahamiana kunakomfanya mtu akopeshwe sahani, aambiwe kibarua kilipo, aulizwe akipotea siku tatu. Mtu mwenye ndugu mkoani na asiyefahamika na yeyote mjini anaweza kuugua chumbani wiki nzima bila mlango wake kugongwa. Methali inatuonya tusimtegemee tunayekula naye kama tunavyomtegemea wa damu moja. Haituambii tule peke yetu, na lugha hiyohiyo inatuagiza kwamba kizuri tule na ndugu zetu.

Kwamba teknolojia inaweza kutumika kujenga meza, ushahidi uko Nairobi, mji uleule uliouona mwisho wa Kune. Mwaka 2023 Serikali ya Kaunti ilianzisha mpango wa Dishi na County kwa kushirikiana na shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012. Mzazi anaweka fedha kwa simu, mtoto anavaa bangili yenye kifaa kidogo cha kielektroniki, na wakati wa chakula anaigusisha kwenye mashine na kupewa sahani. Mzazi anachangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo. Kaunti na shirika wanabeba gharama iliyobaki. Mfumo unajua ni watoto wangapi watakula, kwa hiyo jiko kuu linapika kiasi kinachotakiwa, chakula hakitupwi, na fedha hazipotei njiani. Watoto kwa mamia ya maelfu sasa wanakula hivyo siku za shule. La muhimu kwa hoja yangu ni linalotokea baada ya bangili kugusa mashine: mtoto wa anayejiweza na mtoto wa asiyejiweza wanashika sahani za aina moja, wanakaa pamoja, na hakuna mwenzao anayejua nani kalipiwa na nani. Simu imeficha umaskini wa mmoja na kuwaunganisha wote. Mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali: malipo ya simu yaleyale, mtandao uleule, hesabu zilezile za kompyuta, lakini waliopanga walianza kwa kuuliza watoto watakulaje pamoja.

Tukikubali kipimo hicho, kazi za kufanya si za kufikirika. Ya kwanza ni ya halmashauri. Oktoba 2021 wafanyabiashara ndogondogo wa miji ya Tanzania, mama lishe wakiwemo, walihamishwa kutoka kando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Kutenga maeneo si kosa. Kosa ni kumtenga mpishi na wateja wake, kwa maana fundi mwenye mapumziko ya nusu saa hawezi kupanda daladala kwenda kula. Meza ya bei nafuu inatakiwa iwe pale kazi zilipo, ikiwa na kivuli, maji, choo na mkataba wa pango unaoeleweka. Zanzibar imeonyesha kwamba inawezekana: bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, iliwabakiza wauza mishkaki, urojo na juisi ya miwa katikati ya mji, na kila jioni mwenyeji na mgeni wanakula mahali pamoja. Kilichofanywa kwa ajili ya bustani moja inayotembelewa na watalii kinaweza kufanywa, kwa gharama ndogo zaidi, kwa benchi la gereji la Ilala au Gikomba.

Ya pili ni ya waajiri: saa kamili ya chakula na chumba chenye meza, badala ya kujivunia wafanyakazi wanaokula huku wakiandika. Ya tatu ni ya kampuni zenyewe za kupeleka chakula. Hakuna kinachozizuia kuorodhesha vibanda kwa ajili ya watu wanaotaka kwenda kula hapohapo, kuagiza mapema na kukuta sahani tayari, kwa kamisheni ndogo kwa kuwa hakuna safari ya pikipiki. Ya nne ni yetu sisi walaji, na hapa kuna utafiti wa kutusaidia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha zaidi ya watu 300 waliokula mgahawani na ndugu au marafiki. Walioachiwa simu mezani walisema akili zao zilitawanyika zaidi na walifurahia mlo kidogo kuliko wale walioziweka mbali. Tofauti haikuwa kubwa, na watafiti hawakudai hivyo, lakini ililetwa na kitu kidogo sana: simu kuachwa mezani, karibu na mkono. Basi simu ikishalipa, irudi mfukoni.

Kila mwaka halmashauri zetu huwa na msimu wa kupanga bajeti, na ndani ya bajeti hizo kuna ushuru wa vibanda, lakini mara chache kuna fungu la meza. Diwani anayesoma hapa aulize swali moja katika kikao kijacho: katika kata yangu, mfanyakazi wa kipato cha chini anakula wapi mchana, na pana maji? Jibu likikosekana, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya tovuti, kabla ya programu, kabla ya mkutano wowote wa uvumbuzi. Wawekezaji watakuja na mawazo mapya ya kutuletea chakula, na mengine yatakuwa mazuri kwa mgonjwa, mzazi aliyejifungua na mlinzi wa zamu ya usiku. Tuyapokee kwa masharti yetu, tukiwa na meza zilizokwisha simama, ili anayekula peke yake awe amechagua mwenyewe na asiwe amekosa pa kwenda.